Aibu ya Gari

Nilinunua gari usiku. Nikiisema sentensi hiyo mbele ya mafundi wa dizeli, hucheka kabla sijaendelea, kwa sababu kwao hadithi imekwisha hapo hapo. Ilikuwa baada ya Isha, Kibokoni, katika kichochoro ambacho Prado ile ilikiziba kama kizibo cha chupa. Mwenyewe alikuwa mtu wa heshima zake, tumeoleana kwa upande wa mama, na alikwisha nitengea kahawa na halua. Boneti lilikuwa moto. Akanieleza kwamba ametoka kumrejesha mamake Majengo, nami nikaona ni jambo la kawaida. Watu hurejesha mama zao. Nilitaka kumwomba afungue kifuniko cha rejeta, ulimi ukakataa. Nani anayekagua gari la jamaa yake mbele ya kahawa yake? Nikalizunguka mara moja, nikapiga teke gurudumu kama wafanyavyo wasiojua, nikasema mashaallah, tukapeana mikono.

Wiki ya tatu tulikuwa njiani kwenda Nairobi, watoto nyuma, mke wangu mbele na kikapu cha mahamri. Sindano ya joto ikaanza kupanda tulipoushika mlima wa Mazeras. Tukasimama, tukatia maji, tukaendelea. Maungu tukasimama tena. Voi tuliingia tukiwa tunavutwa kwa kamba. Fundi aliyeifungua ile injini alinionyesha ufa katika silinda hedi, kisha akanionyesha kitu kilichoniuma zaidi: mabaki ya ile dawa ya kuzibia matundu, imeganda ndani ya rejeta kama uji wa jana. Ufa ule ulikuwa na umri mkubwa kuliko umiliki wangu. Mtu aliujua, akaumwagia dawa, akaliwasha gari mapema kabla sijafika ili nisifungue chochote.

Kwa muda nilimlaumu yule jamaa. Kisha nikailaumu Prado, jambo ambalo katika mji huu ni kosa zito zaidi. Siku hizi najilaumu mwenyewe, na si kwa kutojua injini, maana hilo lingetibika kwa kumlipa fundi ujira wa nusu siku. Najilaumu kwa haya zangu. Watu wa Mvita tumelelewa kuamini kwamba kukagua ni kutuhumu. Gari la jamaa halikaguliwi, la shekhe haliulizwi, la jirani hulipiwa kwa neno. Na kisiwa hiki kwa udogo wake, kila muuzaji huishia kuwa jamaa, au shekhe, au jirani.

Badala ya kukagua, tunategemea majina. Keti barazani Ndia Kuu saa ya kahawa tungu na uyataje magari makubwa ya dizeli. Utasikia hukumu zinatolewa kama za koo za watu. Ukoo huu waaminifu, ule una wazimu, ule mwingine usiuoze binti yako. "Prado ni Prado," atasema mmoja, na baraza zima litatikisa kichwa. Lakini ukoo haupandi mlima wa Mazeras. Kinachopanda ni gari moja, lenye injini moja, lililopitia mikono ya watu fulani, wakalitunza au wakalitesa.

Hata jina lenyewe linadanganya. Chini ya neno Prado kuna angalau mioyo mitatu ya dizeli ambayo mtu anaweza kuuziwa mjini humu. Kuna 1KZ-TE ya lita 3.0, injini ya miaka ya tisini, ngumu na yenye subira, lakini ikichemka mara moja tu silinda hedi yake hupasuka. Hiyo ndiyo iliyofanya nivutwe kwa kamba hadi Voi. Kuna 1KD-FTV, nayo ya lita 3.0, iliyotoka mwaka 2000 na mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa. Hii udhaifu wake unajulikana na kila fundi anayeijua: vizibo vya shaba vilivyo chini ya nozeli vikichoka, gesi ya mlipuko hupenya, masizi yakachanganyika na oili, oili ikawa tope, tope likaziba chujio la chini ya sampu, na injini ikafa kwa kiu huku kijiti cha kupimia kikionyesha oili imejaa. Ya tatu ni 1GD-FTV ya lita 2.8, iliyokuja 2015. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo Prado ya dizeli haikuuzwa kabisa kwao Japani. Ilirejea Juni mwaka huo, ikiwa na injini hii mpya na chujio la masizi kwenye ekzosi. Basi ukimwambia mtu "ninunulie Prado ya dizeli", umemwambia mambo matatu yasiyofanana.

Na si Toyota peke yake. Nissan Patrol yenye injini ya TD42, lita 4.2, ni mnyama wa kurithisha wajukuu. Patrol hiyo hiyo, bodi hiyo hiyo, ikiwa na ZD30 ya lita 3.0, imewaliza watu kuanzia Australia hadi huku kwetu kwa kuunguza pistoni. Isuzu Bighorn yenye 4JG2 utaitengeneza chini ya mwembe. Yenye 4JX1 hutaki hata kupewa bure. Anayekwambia "Patrol ni nzuri" bila kutaja injini amekusimulia rangi ya mlango.

Imani yetu kwa dizeli ya Japani, hata hivyo, haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akatikisa chupa ya plastiki yenye masizi meusi ya dizeli, akiwaonyesha watu wa jiji lake wanachokivuta. Oktoba 2003 Tokyo ikaanza kuyazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango, na sheria ya taifa ya moshi wa magari ikafanya magari mengi ya dizeli yasisajilike tena katika maeneo ya Tokyo, Osaka na Nagoya. Magari mazima, yaliyobadilishwa oili kwa tarehe, yakakosa pa kulala kwao. Yalitafuta bandari nyingine, na Kilindini ni bandari. Naamini hapo ndipo wazee wetu walipopata ile itikadi kwamba dizeli ya Mjapani haifi. Waliyoyapokea hayakuwa magari yaliyochoka. Yalikuwa magari yaliyofukuzwa. Ya leo ni habari nyingine. Leo unauziwa gari lililokwisha kaa hapa nchini miaka kumi, likapita kwa wamiliki wanne, na la kwanza ambalo kila mmoja wao alilifanya liliposumbua ni kutafuta jamaa wa kumuuzia.

Sasa niseme habari ya mji wenyewe, maana Mombasa ina namna yake ya kuficha maradhi ya gari.

Dizeli haina cheche. Huwaka kwa sababu hewa imeshindiliwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto wa kutosha kuyalipua mafuta yenyewe. Injini iliyochoka haishindilii vizuri, na hilo huonekana asubuhi ya baridi: funguo inazungushwa, injini inalalamika, inakohoa moshi mweupe, inashika kwa shida. Nyahururu au Limuru mnunuzi ataliona hilo bila kuuliza. Sisi hatuna baridi. Alfajiri ya Julai, tunapojifunika shuka na kulalamika, joto letu bado ni nyuzi ishirini na kitu. Gari lenye plagi za kupashia joto zilizokufa zote nne litawaka Mombasa kama kawaida, na litaendelea kuwaka mpaka siku utakapolala nalo Nakuru.

Tena kisiwa hakina mlima. Ukitoka Mji wa Kale ukapita Nkrumah Road, ukakata Moi Avenue chini ya zile sanamu za pembe za ndovu, ukashuka Mama Ngina ukanunua mihogo, ukarudi, umeendesha gari juu ya sinia. Mteremko wa feri ya Likoni ni mfupi, na kupanda kwake hakuchukui hata dakika. Turbo haikuombwa kitu, rejeta haikutokwa jasho. Muuzaji anayekwambia "lijaribu, zunguka nalo mjini utakavyo" anakupa ruhusa ya kutoona chochote. Mimi siku hizi nasema wazi: tutavuka Makupa, tutakwenda Mazeras na kurudi, mafuta juu yangu. Nikiambiwa gari halina muda huo, nami sina pesa hizo.

Ndipo linapokuja boneti. Jambo la kwanza, kabla ya salamu kama adabu ingeruhusu, ni kuweka kiganja juu ya boneti. Likiwa moto, kunywa kahawa, zungumzia mpira, kisha omba kurudi kesho alfajiri. Likiwa baridi una utajiri mikononi. Minya paipu ya juu ya rejeta kabla ya kuwasha: ikiwa ngumu tangu asubuhi, kuna gesi ya mlipuko inayovuja ndani ya maji. Fungua kifuniko utazame rangi. Kisha liwashwe, nawe usiwe ndani, simama nyuma. Moshi mweusi mwingi ni mafuta kuzidi hewa, na huenda ni nozeli, turbo au chujio la hewa tu. Wa buluu ni oili inaungua. Mweupe unaopotea mara ni unyevu. Mweupe unaokaa na kunukia utamu wa dawa ya rejeta ndio ulionipeleka Voi. Injini ikiunguruma, toa kifuniko cha oili ukipindue ukiweke juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo ni uzee wa haki. Kikirushwa, pistoni zimekwisha. Mambo haya hayazidi robo saa na hayahitaji kompyuta, ingawa fundi mwenye kompyuta ya kusomea makosa ni wa kulipwa kwa gari lolote lililotengenezwa baada ya 2005 hivi. Umuulize pia kama makosa yamefutwa asubuhi hiyo. Mashine nzuri huonyesha.

Oili ya dizeli kuwa nyeusi si aibu. Nimemwona kijana mmoja akikataa gari zuri kwa sababu kijiti kilitoka cheusi. Dizeli huitia oili weusi siku hiyo hiyo unapoibadilisha. La kutazama ni kiasi. Iliyopungua, gari linakula oili. Iliyozidi ndiyo wengi hawaijui, na hapo lazima nitaje Mazda CX-5 yenye dizeli ya lita 2.2, gari zuri la kuvutia, lililojaa mjini siku hizi. Kwenye kijiti chake kiwanda kimeweka alama ya X juu ya ile alama ya kujaa. Kwa nini kiwanda kitarajie oili iongezeke? Kwa sababu gari hili lina chujio la masizi, na ili kulisafisha injini hunyunyiza dizeli ya ziada ili ekzosi ipate joto la nyuzi mia tano, mia sita, masizi yaungue. Safari ikikatizwa kabla kazi haijaisha, sehemu ya dizeli ile huteremka kwenye kuta za silinda mpaka ndani ya oili. Ikikatizwa kila siku, oili inakuwa nyepesi kama chai ya rangi, na injini inasagika.

Na nani anayekatiza safari kila siku kuliko sisi? Hebu fikiria maisha ya gari la mtu wa Mji wa Kale: asubuhi kupeleka watoto shule, kilomita mbili, Marikiti kuchukua matunda, nusu kilomita na robo saa ya honi, kurudi, Magharibi kwenda kumwamkia shangazi Tononoka. Ijumaa kuvuka daraja la Nyali, na hiyo ndiyo safari ndefu. Chujio halipati joto hata siku moja. Nasema hivi nikijua nitawaudhi marafiki: kama maisha yako ni ya kisiwani, gari la dizeli la kisasa si lako, hata likiwa jipya, hata likiwa la ukoo gani. Linunue la petroli. Dizeli inamfaa anayekwenda Garissa, Lunga Lunga, Taveta. Anayekaa barabarani mpaka injini ikasahau kwamba ilizimwa.

Kwa hiyo swali la kilomita, ambalo kila mnunuzi huanza nalo, mimi naliweka mwisho. Sikuulizi limetembea kilomita ngapi. Nakuuliza lilikuwa likienda wapi. Kilomita 200,000 za barabara ya Nairobi ni afya kuliko 70,000 za foleni ya feri. Isitoshe kilomita hurudishwa nyuma, na si siri. Kazi hiyo ina wenyewe na ina bei. Kinachosahauliwa kurudishwa ni vitu vidogo. Mjapani hubandika karatasi ya oili kwenye fremu ya mlango, na tarehe na kilomita; karatasi nyingine chini ya boneti husema mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zile zile za dukani kwa Mhindi. Ukikuta karatasi inasema 143,000 na dashibodi inasema 96,000, huhitaji mkalimani. Mkanda wenyewe ni wa kuulizwa kwa ukali kwenye 1KZ na 1KD: hubadilishwa kila kilomita laki moja au laki moja na nusu, na ukikatika, vali na pistoni hukutana kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Walioagiza moja kwa moja wana nafuu. Shirika la Viwango, KEBS, kwa kiwango chake cha KS 1515 halikubali gari lenye zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na hudai ukaguzi kabla gari halijapakiwa melini. Hati ya Japani ya kutoa gari nchini huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. La Uingereza ni rahisi zaidi: gari likizidi miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na matokeo yote, maili, kutu, hata tairi lililokwisha, huonekana bure mtandaoni ukiijua namba yake ya huko. Nimewahi kukaa na rafiki aliyetaka Land Rover Discovery, tukaisoma historia ya gari lile mwaka kwa mwaka kama wasifu wa marehemu, na mwisho akaghairi. Si kwa kutu. Kwa sababu injini zile za V6 za dizeli zina sifa ya kukata mhimili wake mkuu, na yeye si mtu wa kulala vizuri hata bila hilo.

Baada ya gari kuingia, ulinzi huo hubaki bandarini. Dizeli tunayoitia nayo ina historia yake. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni, hatua nzuri, ingawa Japani ni 10. Tatizo letu kubwa lilikuwa pale vituoni. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wachanganyaji wakachanganya, hadi Septemba 2018 serikali ilipoyatoza shilingi 18 kwa lita ili faida ya udanganyifu ife. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi. Pampu ya shinikizo kubwa, ambayo mafuta yenyewe ndiyo oili yake, hujila kwa ndani na kupeleka vipande vya chuma kwenye nozeli zote. Gari lililoishi hapa kabla ya mwaka ule linastahili kuulizwa lilikuwa likijaza wapi. Jibu la "popote" ni jibu.

Chumvi nayo. Hapa hatuna sababu ya kushindwa, kwa kuwa babu zetu walikuwa mabingwa. Waliponunua jahazi hawakuitazama ikielea na tanga limetandazwa. Walingoja maji yapwe, chombo kilale ubavu, wakaingia matopeni wakagonga ubao kwa ubao, wakaangalia kalafati, wakafuata mkuku kwa kidole kutoka omo hadi tezi. Wajukuu wao tunanunua gari la shilingi milioni tatu tukiwa tumevaa kanzu nyeupe, hatutaki kuinama. Gari lililolala miaka karibu na bahari limeliwa kutoka chini: paipu za breki, viungo vya fremu, sehemu za springi. Ukikuta upande wa chini umepakwa rangi nyeusi mbichi kama lami, huku gari lenyewe likiwa la miaka kumi na tano, jiulize nani anayepaka wanja chini ya nyayo. Na usidhani la Japani limesalimika. La Hokkaido limetembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji.

Habari ya karatasi nitaipita haraka kwa kuwa ndiyo sehemu pekee tunayojitahidi: namba ya fremu ilingane na kitabu cha gari, utafutaji wa mmiliki ufanywe kwenye mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia eCitizen, na jina la benki likiwa limo pamoja na la mwenyewe, usitoe hata senti mpaka benki yenyewe iseme imelipwa.

Nirudi kwenye haya, maana ndiyo iliyonileta kuandika. Sheria ya nchi haitamlinda sana mwenye haya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamdai mfanyabiashara wa magari auze kitu kifaacho. Jamaa yako anayeuza gari lake la nyumbani si mfanyabiashara wa magari. Ukitaka kudai, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja, lakini utakwenda kumshtaki mtu aliyekula pilau kwenye harusi ya bintiyo? Hutakwenda. Mimi sikwenda. Kadhi naye, kwa mujibu wa Katiba, hukumu yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Silinda hedi haimo.

Lakini kama mahakama ya kadhi haimo, dini imo. Sote tumesomeshwa chuoni hadithi ya Mtume (SAW) alipopita penye rundo la chakula kinachouzwa. Hakutazama juu akasema mashaallah. Alitia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu, akamuuliza mwenyewe ni nini hiki. Mvua, akajibu. Akaulizwa kwa nini asikiweke kilichoroa juu watu wakione. Kila khatibu akiisimulia hukazia yule muuzaji. Mimi nimezeeka nikautazama ule mkono. Ulitiwa ndani ya mali ya mtu, hadharani, na hakuna aliyesema ni utovu wa adabu.

Wanazuoni wakajenga juu yake haki ya mnunuzi kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa, na haki hiyo wakaiita khiyari ya aibu. Aibu! Kwa Kiarabu neno hilo ni dosari ya kitu: ufa, kutu, unyevu ndani ya nafaka. Tulipolichukua sisi tukalihamisha kutoka kwenye mali tukalivisha mtu. Na katika soko la magari likavuka mara ya pili, likatoka kwa muuzaji likamwingia mnunuzi. Gari ndilo lenye aibu, muuzaji anaijua, na anayeinamisha macho ni mimi mwenye pesa.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia. Amepata Prado ya 1KZ, ya mzee mmoja anayeheshimika, aliyesoma na marehemu baba yangu. "Twende baada ya Isha, ami," akasema. Nikamwambia tutakwenda baada ya Alfajiri.

Gari lilikuwa limeegeshwa karibu na uwanja wa Makadara, kwa kuwa nyumbani kwa mzee halipiti. Anga ilikuwa bado haijakata vizuri. Mzee alikuja na kikoi na kofia, funguo mkononi, akatusalimu, akatuuliza hali za nyumbani mmoja mmoja. Mpwa wangu akajibu zote. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti, nami nikaona umande umebaki na alama ya vidole vyake vitano.

"Babu," akasema, na sauti ilimtetemeka, "usinione mkosefu wa adabu. Naomba nilifungue rejeta kabla halijawashwa."

Mzee akamtazama, akanitazama mimi. Ile haya yangu ya Kibokoni ikanipanda mpaka masikioni. Nusura niseme si lazima, babu.

"Fungua," mzee akasema. "Lakini kabla hujafungua nikwambie. Hedi ilipasuka mwaka juzi. Nilitia mpya, na risiti ninazo nyumbani, ya hedi na ya fundi." Akatikisa kichwa. "Wamekuja watu sita kuliangalia gari hili. Nawe wa saba. Hakuna aliyeniuliza kitu."

Akampa funguo, akageuka kuelekea kichochoroni kwenda kuzileta hizo risiti, nasi tukabaki na gari, boneti limefunguliwa, tukingoja.